Mnada wa ligi yetu, kahawa ya Rubwera na butura

Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana. Leo sina habari za bumu kuchelewa. Leo ni historia kidogo, na chanzo chake ni ugomvi wa chumbani.

Mnaijua ligi yetu ya kubuni ya mpira wa kikapu. Kila mtu ana pointi 100 za msimu mzima, na mchezaji asiye na timu tunamgombea Jumapili usiku kwa dau la siri. Mwenye dau kubwa anamchukua. Jumapili iliyopita niliweka 61. Aliyenifuata aliweka 9! Jamaa walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasema sheria hii ni ya wizi, wakanijibu, "Hesabu imekushinda, usisingizie sheria." Nikalala na hasira, nikaamka nawaza kahawa ya nyumbani Rubwera.

Tuanze na NBA wenyewe. Zamani mkataba wa mchezaji ukiisha, timu yake iliendelea kumshikilia tu. Oscar Robertson na wenzake wa chama cha wachezaji walifungua kesi 1970, ikamalizika kwa makubaliano 1976, mlango ukaanza kufunguka. Hata hivyo wa kwanza kuhama akiwa huru kabisa, Tom Chambers, tulimwona 1988.

Sasa angalieni 1976 hiyo hiyo kwetu. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, mkulima wa kahawa akabaki na mamlaka ya zao kama mnunuzi. Yaani wenzetu wa kikapu wanatoka kwenye mnunuzi mmoja, sisi ndiyo kwanza tunaingia! Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, na baadaye Karagwe ikawa na chama kikuu chake, KDCU. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na kahawa ikawa inapigiwa bei kwenye mnada wa Moshi.

Hapo ndipo utamu ulipo. Kampuni ile ile iliweza kununua maganda kijijini, kisha kukaa mnadani Moshi na kuipigia bei kahawa yake yenyewe. Huo ni mnada au maigizo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja sheria ya kuizuia kampuni moja kushika leseni za hatua zote. Mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa ipite kwenye vyama vya msingi, AMCOS. Miaka ya karibuni minada imekuwa ikifanyika Kagera kwenyewe kupitia Soko la Bidhaa, TMX, na bei inaonekana kwenye skrini.

Ila wazee wetu walikuwa na mnada wao usio na leseni. Murongo ni mpakani, ukivuka mto Kagera uko Uganda. Bei ya huku ikilala, magunia yanavuka usiku. Ni magendo, sitetei. Lakini mtu aliyenyimwa mnunuzi wa pili atamtafuta hata gizani.

Kwa upande wa dau langu la 61, kuna mwanauchumi William Vickrey aliyeandika 1961, akapata Nobel 1996. Alichambua mnada wa siri ambao mshindi ni mwenye dau kubwa, ila analipa dau la anayemfuata. Hapo huna haja ya kubahatisha wenzako wataweka ngapi, unaandika thamani unayoiona. Mimi ningelipa 9!

Nikadhani nimemaliza kesi. Kumbe bado. Kuna mwenzetu ambaye hajawahi kuweka dau tangu msimu uanze. Tulipombana akakiri kwamba pointi zake zote alishamuuzia mwingine, kwa chipsi mayai na soda. Wote walicheka. Mimi sikucheka.

Kwetu hiyo inaitwa butura: kuuza kahawa ingali maua, kwa sababu shida haisubiri mavuno. Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka huko. Mzee alipokea pesa kwa mnunuzi mmoja, mimi nikaenda shule na godoro jipya. Msimu ulipofika bei ilipanda. Nilirudi likizo nikamsaidia mzee kuchuma na kuanika kahawa ambayo haikuwa yake. Hakulalamika hata siku moja. Alisema tu, "Mwanangu, soma."

Kwa hiyo sheria ya mnada hata iwe nzuri namna gani, haimsaidii aliyeuza kabla mnada haujafunguliwa. Mkulima akipata mkopo wa riba nafuu wakati wa maua, atafika mnadani na kahawa yake mkononi.

Kwa ligi yetu napendekeza mawili: mshindi alipe dau la wa pili, na kuuza pointi kabla ya msimu kufutwe, mwenzetu arudishiwe zake. Chipsi nitalipa mimi.

Jumapili tunapiga kura. Wakigoma, nina 39 mpaka msimu uishe, niombeeni. Tuonane wiki ijayo.