Saratani ya matiti: vivimbe vya mgonjwa mmoja huweza kutofautiana

Mgonjwa wa saratani ya matiti anaweza kukutwa na vivimbe viwili au zaidi katika titi moja. Huenda vyote vimetokana na seli moja ya awali, au kila kimoja kimeanza peke yake. Hata vyenye asili moja huweza kutofautiana, kwani seli zinapogawanyika hupata mabadiliko mapya ya jeni.

Maabara hupima vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na protini ya HER2. Majibu hayo ndiyo yanayoongoza tiba. Saratani yenye vipokezi vya estrojeni huweza kutibiwa kwa tamoxifen. Yenye HER2 nyingi kwa trastuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998.

Hatari hujitokeza pale kinapopimwa kivimbe kikubwa pekee. Iwapo kile kidogo ndicho chenye HER2 nyingi, mgonjwa anaweza kukosa dawa inayomfaa. Ndiyo maana vivimbe vinavyotofautiana kwa aina ya seli au kiwango cha ukali hupaswa kupimwa kimoja kimoja. Ni vyema mgonjwa amwulize daktari wake kama vyote vimepimwa kabla ya tiba kuamuliwa.