Kubanika Nyama Mezani

Kwenye mabango ya Dar es Salaam neno babikyu huandikwa kwa herufi tatu tu, BBQ, na wengi hulisoma bibikyuu. Liko Tegeta, liko Mbagala, liko Chang'ombe. Mara juu ya jiko la kuku, mara juu ya mishikaki, mara kwenye ukuta wa baa ambayo mchoma nyama wake hajawahi hata kulitamka. Sina ugomvi nalo. Bango ni la kuita mteja, na mteja anafika. Kazi huwa kwa mtu anayetakiwa kueleza kwa Kiswahili huo ni upishi gani: mwandishi wa kitabu cha mapishi, mwalimu wa upishi, au mwenye mgahawa anayetaka menyu yake isomeke na mtu wa Tandika. Jibu la haraka ni "nyama choma". Ukiingia mgahawa wa Kikorea utaona mara moja kwamba halitoshi.

Migahawa hiyo hapa mjini imeegemea zaidi upande wa Msasani na Masaki, kwa hiyo mtu wa Mbagala anayeitamani huvuka mji. Wakorea wenyewe wana miaka nasi. Uhusiano wa kibalozi kati ya Tanzania na Korea Kusini ulianza mwaka 1992, hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo wa Korea, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 ni kazi ya kampuni ya Kikorea. Wahandisi nao hula, na wapishi wao huwafuata.

Katikati ya meza pana tundu, ndani ya tundu pana jiko, juu ya jiko pana wavu au bamba la chuma. Bomba la kunyonya moshi linaning'inia juu yake. Mhudumu analeta sahani ya nyama mbichi iliyokatwa vipande vyembamba, koleo, na mkasi. Ndiyo, mkasi: vipande virefu hukatwa nao vikiwa bado juu ya moto. Pembeni pamejaa vibakuli vya mboga zilizotiwa viungo au kuchachushwa, kimchi ikiwa mbele, na vikiisha huongezwa. Mlaji hugeuza nyama mwenyewe, huweka kipande kwenye jani la saladi pamoja na kitunguu saumu na rojo la soya lenye pilipili, hulikunja, kisha hutia mdomoni tonge zima.

Mgeni wa mara ya kwanza lazima aulize.

"Dada, mbona nyama mbichi?"

"Unapika mwenyewe, kaka. Ngoja wavu upate moto kwanza."

"Sasa mimi nalipia nini?"

Ana haki ya kuuliza. Kwetu anayelipia nyama choma analipia nyama pamoja na mikono ya mchomaji. Unakwenda dirisha la bucha, unachagua mbavu, paja, au nundu kama unapenda mafuta, na inapimwa kilo ukiona. Mchomaji anaipokea ikiwa kipande kikubwa, anaitandaza juu ya wavu, anainyunyizia maji ya chumvi, anayasogeza makaa pembeni moto ukizidi. Dakika arobaini zinapita, pengine saa nzima. Kisha inakatwa juu ya ubao na kuletwa kwenye sinia pamoja na kachumbari, ndimu, pilipili, kifungu cha chumvi, na ndizi za kuchoma au ugali. Kabla ya hapo kazi yako ilikuwa kunawa mikono na kupiga soga.

Tofauti hii imeanzia kwa ng'ombe. Wengi wa ng'ombe wetu ni zebu, wale wenye nundu, wanaotembea kutwa kutafuta malisho, na wanaofika mnada wa Pugu wakitoka mikoa ya mbali. Nyama yao ni tamu lakini ni ngumu, na mafuta hayajapenya katikati ya nyuzi zake. Ukiikata nyembamba na kuitupa juu ya wavu wenye moto mkali, inageuka soli ya kiatu kabla hujashika koleo. Kipande kikubwa, moto wa wastani na subira ya mchomaji ndiyo namna ya kuitendea haki nyama hiyo. Mkorea anayependa kubanika ng'ombe hutafuta nyama yenye mafuta ndani, au anailaza kwenye viungo kwanza. Bulgogi, ambayo neno kwa neno ni moto na nyama, hulazwa kwenye mchuzi wa soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na pea lililokunwa. Hilo pea halikuwekwa kwa utamu peke yake. Lina kimeng'enya kinachokatakata protini, kama kile cha papai bichi ambacho wapishi wengi wa mishikaki wa pwani hukitegemea. Anayesugua papai kwenye steki Temeke na anayekuna pea Seoul wako kwenye somo moja la kemia.

Somo hilo lina sehemu ya pili, na ndiyo inayogusa istilahi. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi amino zinavyomenyuka zikipata joto, zikatoa rangi ya kahawia na mamia ya harufu. Tunauita mmenyuko wa Maillard. Unakwenda kasi joto la juu ya nyama likifika kama nyuzi 140 za Selsiasi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, hivyo nyama iliyolowa au iliyozama kwenye mchuzi haifiki huko. Ndiyo maana nyama ya kuchemsha haiamshi jirani. Upishi tunaoutafutia jina ni ule unaokausha uso wa nyama na kuupeleka hadi kwenye kahawia kwa joto kavu litokalo chini, chakula kikiwa juu ya wavu, bila sufuria ya mafuta wala maji. Hiyo ndiyo dhana. Jina lolote tutakalochagua lazima liibebe hiyo, ama sivyo tunabandika lebo tu.

Kuchoma hakuibebi dhana hiyo. Mwiba unachoma, jua linachoma, nesi anachoma sindano, mtu anachoma takataka, na maneno ya shemeji yanachoma kuliko vyote. Mahindi huchomwa, mihogo huchomwa. Kitenzi chenye kazi nyingi namna hiyo ni kizuri kwa mazungumzo na kibaya kwa maelekezo ya jikoni, kwa sababu hakimwambii mwanafunzi kama nyama inagusa moto, inagusa chuma, au iko mbali na vyote viwili. Halafu "nyama choma" yenyewe imeshahama. Mtu akisema twende nyama choma, anazungumzia Jumamosi nzima: baa, viti vya plastiki, mpira kwenye runinga, marafiki wanaochangia kilo. Imekuwa jina la mtoko.

Neno babikyu limepita njia hiyo hiyo. Asili yake ni barbacoa, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, lililoingia kwenye maandishi ya Kihispania mwanzoni mwa karne ya 16. Lilitaja kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi, cha kuwekea nyama au samaki juu ya moto. Baharia Mwingereza William Dampier, katika kitabu chake cha mwaka 1697, anasimulia kulala juu ya kitanda cha namna hiyo. Msomaji wa pwani ameshakitambua. Ni uchanja, au kichanja: fito zilizopangwa juu ya miti minne, pa kukaushia samaki kwa moshi, pa kuanikia nafaka, pa kuwekea vyombo vilivyooshwa nyuma ya nyumba. Wataino walikuwa na kichanja, Waswahili walikuwa na kichanja. Chao kilipanda meli, kikawa nyama, kikawa sherehe, kikawa kifaa cha chuma chenye magurudumu, na kikaturudia kwenye bango kikiwa na herufi tatu. Kwa hiyo anayedai kwamba babikyu ni dhana ngeni isiyo na neno kwetu anapaswa kwanza atembelee uani.

Hata hivyo sipendekezi kichanja kiwe tafsiri. Ni jina la kifaa, na tunachohitaji ni kitenzi. Kitenzi kipo: kubanika. Kimetoka kwenye kubana. Kijiti hupasuliwa ncha, samaki akabanwa katikati, kijiti kikasimikwa kando ya makaa. Kutoka hapo kikapanuka hadi kupika chochote juu au karibu na makaa bila sufuria. Samaki wa kupaka hubanikwa huku akigeuzwa na kupakwa rojo la nazi. Wapo pia wanaosema mkate wa kubanika, na kibaniko kwa kile kifaa chake. Kitenzi hiki kinazaa vizuri, na hiyo ni sifa ambayo watu wa istilahi huitazama mapema: nyama imebanikwa, mbanikaji, kibaniko, banikia. Jaribu kuzalisha hivyo kutoka kwenye BBQ.

Kuna jambo lililonithibitishia zaidi. Wakorea nao wana neno la njia, gui, linaloambatana na kitu kinachopikwa: nyama ni gogi-gui, samaki ni saengseon-gui. Halitaji sherehe wala meza. Linataja joto kavu na chakula kilicho juu yake, kama kubanika. Tukipitia Kiingereza kufika Korea tunapoteza hilo njiani. Tukikabidhiana moja kwa moja, gui kwa kubanika, hakuna kinachomwagika.

Najua pingamizi litakalokuja. Kijana wa Sinza ukimwambia kubanika anaweza kukuuliza unabana nini. Ni kweli, neno limebaki zaidi midomoni mwa watu wa pwani na kwenye kamusi, na neno la kamusi peke yake halishindi. Tarakilishi haikuing'oa kompyuta Tanzania. Lakini tumeshuhudia pia kishikwambi, yaani tableti, neno lililochekwa, likafika kila kijiji kwa sababu makarani wa sensa ya mwaka 2022 walikuwa nacho mkononi na baadaye kikapelekwa kwa walimu. Neno lilisafiri na kitu. Meza yenye jiko katikati ni kitu kipya machoni pa wengi, na jina lake bado halijakaa. Hapa kubanika kina nafasi ambayo hakina kwenye baa ya mtaani, ambako nyama choma itabaki nyama choma na hakuna sababu ya kuisumbua.

Ongeza "mezani", kwa sababu ndiyo inayobadilisha majukumu. Juu ya jiko la baa mchomaji ndiye anayejua kama nyama imeiva. Mezani ni wewe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi nyuzi 70 za Selsiasi katikati, na vifaa vya kushikia kibichi visiguse kilichoiva. Kwa hiyo omba koleo mbili: ya kupandishia na ya kulia. Nasisitiza hili kwa nguruwe, maana tegu wa nguruwe bado ni tatizo la kweli nchini, na nyama isiyo na mhuri wa mkaguzi haifai kubanikwa wala kukaangwa na mtu yeyote.

Nguruwe ndiye anayeleta ugumu mwingine. Nyama inayopendwa kuliko zote kwenye meza za Kikorea ni samgyeopsal, mnofu wa tumbo la nguruwe wenye tabaka tatu, na jina lake linasema hivyo hivyo: tatu, tabaka, mnofu. Sisi huyu tunamwita kitimoto, na ana majiko yake, mara nyingi mbali na pale panapochomwa mbuzi na ng'ombe. Kwenye maeneo yenye Waislamu wengi kama Temeke, wavu mmoja hauwezi kutumika kwa vyote viwili, hata ukisuguliwa vipi. Bango la BBQ halisemi lolote kuhusu hilo. "Ng'ombe wa kubanika" na "nguruwe wa kubanika" yanasema wazi, na mwenye mgahawa mwenye busara atatenga meza na wavu kabla mteja hajauliza.

Na mkaa? Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ukifika mwisho wake. Huko Korea migahawa mingi tayari hutumia gesi chini ya bamba. Nadhani kitenzi kitahimili: kubanika kwa mkaa, kubanika kwa gesi, kila mmoja aseme cha kwake. Wapenzi wa moshi watanung'unika, na mimi nitakuwa kati yao.

Basi menyu ya mtaa, Mbezi au Chang'ombe, ningeiandika hivi. Bulgogi ibaki bulgogi, kama biriani ilivyobaki biriani, na chini yake: "Ng'ombe wa kubanika mezani, aliyelazwa kwenye soya na pea; analetwa mbichi." Kinachobaki ni kipimo. Sisi tunanunua kwa kilo. Wao wanahesabu kwa inbun, yaani fungu la mtu mmoja, ambalo mara nyingi ni gramu 200 au pungufu kidogo. Watu wanne waliozoea kugawana kilo mbili za mbavu wakiona gramu 800 zinafika kwenye sahani bapa watahisi wamepunjwa. Fungu liandikwe na gramu zake, na ile habari kwamba vibakuli vya pembeni vikiisha vinaongezwa bure iandikwe kwa herufi kubwa kuliko bei.