Kidude Kisicho na Kioo

Mwaka 1979 ulizaa watoto wawili. Mmoja alijulikana dunia nzima, mwingine alifia mikononi mwa baba yake. Wa kwanza ni Walkman ya kampuni ya Sony, iliyotoka Japani mwezi Julai mwaka huo kwa bei ya yeni 33,000. Ilikuwa na matundu mawili ya kuchomekea spika za masikioni, maana wakubwa wa kampuni waliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza muziki peke yake, mwenzake akimtazama tu. Habari zake zimeandikwa mno. Mimi namfuata huyo wa pili.

Kule Uingereza kijana wa miaka 23, Kane Kramer, pamoja na rafiki yake James Campbell, walibuni kidude kidogo cha kupiga muziki bila kanda wala santuri. Sauti ingegeuzwa kuwa tarakimu na kuhifadhiwa kwenye chipu. Wakakiita IXI. Chipu za enzi zile zingebeba dakika tatu na nusu tu, yaani wimbo mmoja, na kama ungekuwa wimbo wa bendi zetu za dansi basi ungekatika kabla hata sebene halijaanza! Lakini wazo lilikuwa zima. Kramer akapata hataza ya uvumbuzi wake, akahangaika kutafuta fedha, na mwaka 1988 hataza ikamponyoka kwa kukosa fedha za kuilipia tena. Miaka ishirini hivi baadaye kampuni ya Apple, iliyokuwa imeshtakiwa na kampuni nyingine kwa habari za uvumbuzi, ilimwita aje na michoro yake kushuhudia kwamba wazo hilo lilikuwapo siku nyingi. Walimlipa kazi ya ushahidi. Utajiri wa wazo lenyewe hakuuona. Ndugu msomaji, sisi vijana tunaoandika riwaya kwenye madaftari na kuyafungia sandukuni tuna sababu ya kumkumbuka bwana huyu.

Kilichokosekana mwaka 1979 kilikuwa namna ya kuupunguza muziki ukubwa ili uenee mahali padogo. Kazi hiyo waliifanya Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, akiwamo Karlheinz Brandenburg, kwa kutupa zile sauti ambazo sikio la binadamu halizitambui. Walijaribia, pamoja na mengine, sauti ya mwanamama Suzanne Vega akiimba bila chombo chochote, kwa kuwa sauti tupu ya mtu ndiyo ngumu kudanganya. Mwaka 1995 faili hizo zikapewa jina la MP3.

Sasa twende kwenye kesi, maana hapa ndipo penye utamu.

Mwaka 1998 Wakorea wa kampuni ya Saehan walitoa MPMan, na mwaka huohuo kampuni ya Diamond Multimedia ya California ikatangaza Rio PMP300. Rio iliuzwa dola 200 hivi, ikatumia betri moja ndogo, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 32, yaani muziki wa nusu saa na ushei. Haikuwa na kanda ya kusokoteka wala sahani ya kurukaruka ukitembea. Ukiiweka mfukoni, mikono yako ni yako. Nusu saa! Mtu na akili zake angecheka. Chama cha makampuni ya kurekodi muziki cha Marekani hakikucheka. Mwezi Oktoba, kabla Rio haijaenea madukani, kilikimbilia mahakamani Los Angeles kuizuia isiuzwe.

Hoja yao ilikuwa sheria ya mwaka 1992 inayohusu kurekodi muziki majumbani. Sheria hiyo inataka kila mashine ya kurekodi sauti kwa tarakimu iwekewe kizuizi cha nakala, na mtengenezaji alipe mrabaha. Rio haikuwa na kizuizi, na Diamond hawakulipa kitu. Jaji Audrey Collins akatoa kwanza zuio la muda. Siku kumi baadaye, tarehe 26 Oktoba, akakataa kuliendeleza, na Rio ikaingia sokoni. Wakubwa wakakata rufani. Tarehe 15 Juni 1999 mahakama ya rufani ikawaambia wameshindwa.

Sababu zenyewe ni za kisheria hasa, za kuumiza kichwa. Mahakama ilisema Rio hainakili kutoka kwenye santuri bali kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta haikutengenezwa kwa ajili ya kurekodi muziki, kwa hiyo sheria ile haiigusi. Ila ndani ya hukumu mlikuwa na jambo ambalo mwananchi wa kawaida angelielewa bila wakili: mtu aliyenunua muziki wake akiuhamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine ili ausikilize mahali pengine, hayo ni matumizi yake binafsi, na hayana ubaya. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ina uzito kuliko mashine zote nitakazozitaja hapa. Laiti ingekwenda upande wa pili, nani angethubutu kutengeneza ya kwake?

Apple walithubutu. Oktoba 2001 walitoa iPod kwa dola 399. Ilikuwa nzuri, ila bei hiyo haikuwa ya mtu wa chini, hata huko kwao. Ndipo tarehe 11 Januari 2005, San Francisco, Steve Jobs akasimama jukwaani na kuonyesha iPod shuffle: gramu 22, nyimbo 120 kwa dola 99, au nyimbo 240 kwa dola 149. Ikaja na kamba ya kuivaa shingoni.

Unafuu huo ulitoka wapi? Ulitoka kwenye kutoa. Diski iliondolewa, chipu ikachukua nafasi yake. Halafu kioo nacho kikaondolewa. Huwezi kuona jina la wimbo, huwezi kuona orodha. Kazi yako ni kubonyeza mbele au nyuma na kupokea kijacho. Kampuni iliugeuza upungufu huo kuwa sifa, ati maisha yenyewe ni ya kubahatisha. Mimi nawapa heko kwa ulimi mtamu, lakini msomaji asidanganyike: aliyelipa kidogo ndiye aliyenyimwa kuchagua. Mwaka huohuo 2005 ndipo jina la Rio, lililobeba mzigo wote wa kesi, lilipofungiwa kabisa biashara.

Kwa haki, wako watu ambao kioo hakiwahusu. Fundi wa kushona macho yake yako kwenye sindano. Mama wa maandazi mikono yake imejaa unga. Huyu anataka kitu cha kumpigia muziki bila kumwomba jicho wala mkono. Toleo la pili la shuffle, la mwaka 2006, lilifika karibu kabisa na mahitaji hayo. Lilikuwa kama kibanio cha nguo, unabana kwenye kola na kuendelea na kazi, kwa dola 79.

Kisha wakapitiliza. Machi 2009 likaja toleo la tatu, na safari hii viliondolewa hata vitufe. Vyote vilihamishiwa kwenye waya wa spika za masikioni: bonyeza mara moja linyamaze, mara mbili wimbo wa mbele, mara tatu wa nyuma. Spika za kawaida za kuokoteza hazikuweza kukiongoza tena, na watu walinung'unika mpaka mwaka 2010 vitufe vikarudishwa.

Lakini toleo hilo lililosemwa vibaya lilikuwa na jambo jipya. Lilisema. Ukikandamiza kitufe, sauti inakutajia jina la wimbo na la mwimbaji. Jicho lililonyang'anywa mwaka 2005 likalipwa kwa ulimi. Lugha zilikuwa 14: Kiingereza, Kicheki, Kidachi, Kifaransa, Kijerumani, Kigiriki, Kiitaliano, Kijapani, Kichina, Kipolandi, Kireno, Kihispania, Kiswidi na Kituruki. Nimezihesabu tena na tena kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani ubaoni. Kiswahili hakimo. Watu wa Prague wasiofika milioni mbili walitajiwa nyimbo zao kwa lugha yao, na sisi tulio mamilioni kwa mamilioni, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, hatukutajiwa.

Shuffle iliondolewa sokoni Julai 2017. Huku kwetu wengi hawakuijua kwa jina hilo. Waliijua kwa vivuli vyake, vile vibanio vya rangirangi visivyo na jina la kampuni, vinavyoingizwa memori kadi ubavuni. Machinga walivipanga Kariakoo juu ya turubai, pamoja na soksi na vitana. Nami nilikuwa nacho kimoja, cha kijani. Nyimbo ulikwenda kuingiziwa na kijana mwenye kompyuta kibandani, naye hakukuuliza ulinunua wapi haki ya kuzisikiliza. Ile hukumu ya mwaka 1999 ilimhusu mtu aliyenunua kwanza.

Siku hizi vibanio vimepisha spika ndogo za bluetooth. Nazo zinasema. Nyumbani kwetu ipo moja. Ikiwashwa hutamka kwa Kiingereza cha puani kwamba iko tayari, na bibi yangu, akiwa jikoni anapepeta mchele, huiitikia, "Abee?"