Mto Sio na Kombe la Sabuni

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Wengi watakaokaa mbele ya televisheni ni watu wa kutazama mpira kwa nadra, kama shangazi zangu wa Buhehe, wilayani Busia, ambao kabla ya yote huuliza, "Wetu ni wapi?" Nimewaandikia wao, hasa kwa siku ambayo Uganda na Kenya zitapangwa pamoja. Huku mpakani neno "wetu" lina historia yake, na historia hiyo ina umri mmoja na mpira wa nchi hizi mbili.

Hadi 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika Naivasha. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamishia kwenye himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia wakajikuta pande mbili. Maelezo rasmi ya mpaka, ukiwemo Mto Sio, yaliwekwa katika amri ya mfalme ya tarehe 1 Februari 1926. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Mei 1926, timu za Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kugombea Kombe la Gossage. Zikatoka sare 1-1. Mechi ikarudiwa, Kenya ikashinda 2-1.

Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza. Kwa hiyo kombe la kwanza la eneo letu lilikuwa tangazo la biashara, jambo ambalo wanaolalamikia matangazo kwenye jezi za leo wangefaa kulikumbuka.

Sidai kwamba maofisa walikaa meza moja wakapanga mpaka na kombe kwa nia moja. Ninadai kwamba kombe lilifanya kazi ambayo amri haikuiweza. Karatasi ilisema mto ni mpaka, lakini watu waliendelea kuoana, kuzikana na kupeleka mihogo sokoni ng'ambo. Mpira ndio uliowapa sababu ya kupenda upande mmoja. Ni kweli kwamba mkulima wa Buhehe wa 1926 huenda hakusikia lolote kuhusu mechi ya Nairobi. Lakini mashindano hayo yalirudi mwaka baada ya mwaka, Tanganyika ikajiunga 1945, na Zanzibar ikafuata. Mwaka 1967 yakawa Kombe la Challenge, na tangu 1973 tunayajua kama Kombe la CECAFA. Redio ilipoingia nyumbani, "sisi" na "wao" walikuwa tayari wana majina.

Mpaka huo haukuwa mchezo kila wakati. Mwaka 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kihistoria, akirejea mipaka ile ya zamani. Miaka miwili baadaye, Machi 1978, Cranes walifika fainali ya Afrika mjini Accra wakafungwa na Ghana 2-0. Miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano hayo alikuwa Mganda, Phillip Omondi. Jina hilo lingeweza kuwa la mtu wa Kisumu.

Sasa hesabu, kwa wasiofuatilia. Uganda imetwaa ubingwa wa CECAFA mara 15, Kenya mara 7. Uganda imecheza fainali ya Afrika mara hiyo moja tu. Kenya imeshiriki mara sita kati ya 1972 na 2019 na haikuwahi kuvuka hatua ya makundi. Agosti 2025, wenyeji hawa watatu walipoandaa CHAN, wote walitolewa robo fainali. Kwa hiyo shangilieni, lakini msiuze mbuzi kwa ajili ya ubashiri.

Zikikutana, msitarajie mvua ya mabao. Fainali ya CECAFA ya 2012, uwanjani Namboole, Edwin Lavatsa aliisawazishia Kenya mwishoni kabisa, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia Geoffrey Kizito akaipa Uganda ushindi wa 2-1. Ni matokeo yaleyale ya 1926, ila yamegeuzwa. Aliyetoka kibandani mapema kukwepa msongamano alikosa mechi yote.

Kuhusu rangi, bendera zote mbili zina nyeusi na nyekundu. Mwenye manjano ni Mganda, mwenye kijani ni Mkenya. Binamu zangu wa Funyula huvaa kijani, nasi tunawakaribisha hivyohivyo.

Jambo la mwisho ni la saa. Mwaka 1926 sare iliwarudisha wachezaji uwanjani kwa mechi nyingine. Siku hizi hatua ya mtoano ina dakika 30 za nyongeza, kisha penalti. Wanaotakiwa kuvuka mpaka usiku kurudi kwao wapange usafiri mapema.