Mkonge wa Korogwe na Hesabu ya Utoro

Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Linatakiwa lifike kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata, siku hiyohiyo au kesho yake. Likichelewa zaidi ya hapo maji yake hukauka, nyama ya jani hugandamana na singa, yaani nyuzi zake, na kinachotoka mashineni huwa kichafu na hupangwa daraja la chini. Jambo hili la kibiolojia limetawala mpangilio wa kazi katika wilaya za Korogwe na Handeni kwa zaidi ya karne moja. Limeamua ukubwa wa mashamba na njia za matoroli, na kwa kiasi kikubwa limeamua pia nani aajiriwe, kutoka wapi, na kwa mkataba wa aina gani.

Utafiti juu ya mkonge ni mwingi, lakini umegawanyika. Wataalamu wa mimea waliuchunguza katika kituo cha Amani na baadaye Mlingano, kituo kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1930 karibu na Ngomeni, Muheza. Mchumi wa Cambridge, C. W. Guillebaud, aliandika tathmini ya kiuchumi ya tasnia hiyo iliyotoka mwaka 1958. Wanahistoria Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago waliandika juu ya vibarua wahamiaji wa enzi ya ukoloni, na James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992, akaieleza Uzigua, eneo ilimo Handeni, kwa kuunganisha mazingira, mifugo, njaa na siasa. Kila kazi kati ya hizo ina uzito wake. Hata hivyo, swali moja linakatiza katikati yao bila kupata mwenyewe: kwa nini mashamba yaliyozungukwa na vijiji vyenye watu yalikwenda kutafuta vibarua mamia ya kilomita mbali? Jibu la kawaida ni kwamba wa mbali walikuwa rahisi, au kwamba wenyeji hawakutaka kazi. Majibu hayo yote mawili yanatazama wastani. Makala hii inashikilia kwamba tatizo la mashamba lilikuwa mtawanyiko: jinsi idadi ya wanaofika kazini ilivyopanda na kushuka siku hadi siku.

Ni vema kuanza na mmea wenyewe. Mkonge wa kawaida, Agave sisalana, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Marekani, 62 tu ndiyo iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai. Mkonge huo hauzai mbegu za kutegemewa. Huongezeka kwa maotea yanayochipua pembeni ya shina, na kwa miche midogo inayoota kwa maelfu kwenye mlingoti, yaani shina refu la maua linalochomoza mwishoni mwa maisha ya mmea. Miche 62 ikijiongeza maradufu mara kumi hupita 63,000, na kila mmoja ni nakala ya mzazi wake. Kwa hiyo mashamba makubwa ya mwanzo yalijaa mimea iliyofanana kabisa kwa urithi.

Mmea huanza kukatwa ukiwa na miaka miwili hadi minne, kisha hukatwa kwa awamu hadi utoe mlingoti na kufa. Katika maisha yake hutoa majani 200 hadi 250. Singa kavu ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Ili kupata tani moja ya singa, zinahitajika takribani tani 25 za majani. Tukichukua jani kuwa na wastani wa gramu 600, hayo ni majani kama 40,000. Mkataji hukata jani kwa kisu, huondoa mwiba wa ncha, hufunga majani 30 kuwa mzigo mmoja, kisha hubeba mizigo hadi kando ya njia ya toroli na kuipanga ihesabiwe. Tani moja ya singa ni zaidi ya mizigo 1,300 ya namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilipozalisha kiasi cha tani 230,000 kwa mwaka, majani yaliyokatwa kwa mkono yalikaribia tani milioni sita.

Faida ya mkonge ni kwamba haujali msimu. Unastahimili kiangazi na hukatwa mwaka mzima, hivyo korona inaweza kuzunguka Januari hadi Desemba. Faida hiyo ndiyo ilizaa ugumu. Mashine ya gharama kubwa isiyo na msimu iliwekwa katikati ya watu ambao maisha yao yote yana msimu. Katika bonde la Lwengera, chini ya milima ya Usambara, ambako ziko Kerenge na Magoma, na vilevile katika nyanda za Handeni, masika na vuli ndizo zinazoamua lini watu walime, wapalilie na wavune. Mahindi yasiyopandwa mvua zinapoanza hayarudishwi na mshahara wowote wa mwezi unaofuata. Handeni, wilaya iliyoonja njaa mara nyingi, ililijua hilo kuliko mahali pengine.

Chombo kilichotumika kuunganisha mifumo hii miwili kilikuwa kipande. Serikali ya Kijerumani iliwahi kulazimisha kazi kwa kadi: kuanzia mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, Mwafrika alitakiwa afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za umma. Kipande cha mashamba ya mkonge kilichoenea wakati wa Waingereza kilifanana na kadi hiyo kwa umbo tu, maana kilikuwa mkataba wa kuhesabu kazi zilizokamilika. Kadi ilikuwa na nafasi 30. Kibarua akimaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilijazwa. Asipofika au asipoimaliza, ilibaki wazi. Mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa, hata kama kalenda ilikuwa imekwisha kupita mwezi mmoja na zaidi.

Hesabu ya mpango huo ni rahisi, ila matokeo yake ni mazito. Tuchukue mfano wa shamba linalohitaji wakataji 100 kila siku, na kibarua ambaye kwa wastani hufika siku mbili kati ya tatu. Kipande chake kitajaa kwa siku 45. Shamba litahitaji kuwa na watu 150 kwenye daftari. Ikiwa kila mmoja anakosekana kwa sababu zake mwenyewe, huyu kwa homa, yule kwa msiba, mwingine kwa uchovu, kanuni za uwezekano zinaonyesha kwamba karibu siku 95 kati ya 100 wanaofika watakuwa kati ya 89 na 111. Meneja anaweza kuishi na tofauti hiyo. Utoro wa mtu mmoja mmoja, ambao barua za wasimamizi wa kikoloni ziliulalamikia sana, hufutana wenyewe watu wanapokuwa wengi.

Hali hubadilika watoro wanapokosekana kwa sababu moja. Tuseme watu 60 kati ya wale 150 wana mashamba yao bondeni au Handeni. Wiki ya kwanza ya masika wote 60 wanakwenda kupanda. Waliobaki ni 90, na wakifika kwa kiwango chao cha kawaida watapatikana 60 kwa siku. Korona inakosa majani, wafanyakazi wa kiwandani na wa reli wanakaa, na milingoti inaanza kuchomoza kwenye vitalu ambavyo havijakatwa. Shamba linaweza kujikinga kwa kuandikisha watu 210, lakini wakati wa kiangazi litapata 140 kwa siku, na hao 40 wa ziada wanataka nyumba na posho. Wastani wa mahudhurio ya kila mtu kwa mwaka mzima unaweza kuwa uleule katika hali zote hizi. Anayesoma wastani peke yake hataona tofauti yoyote.

Hapa ndipo kibarua wa mbali anapopata maana yake ya kiuchumi. Muha wa Kigoma, Mngoni wa Songea au mtu wa Rwanda au Burundi aliyeletwa Korogwe alikuwa na msimu wa kilimo kama mtu mwingine yeyote, lakini msimu huo ulikuwa nyumbani kwake. Akiwa kambini, mvua ya bonde la Lwengera haikumwita. Mwaka 1944 chama cha wakulima wa mkonge kiliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, kuwasafirisha na kuwarudisha makwao. Gharama zake zilikuwa kubwa: magari, kambi za njiani, chakula, madaktari. Kama lengo lingekuwa kupata kazi kwa bei ya chini tu, ni vigumu kuona kwa nini waajiri wangebeba mzigo huo badala ya kuongeza kidogo ujira wa mwenyeji. Ukitazamwa kama bima dhidi ya utoro wa pamoja, mzigo huo unaeleweka. Manamba, kama kibarua huyo wa mbali alivyoitwa, alinunuliwa tiketi ya mbali kwa sababu siku zake za kukosekana hazikufuatana na siku za jirani wa shamba.

Wachumi wa katikati ya karne ya 20 walibishana sana juu ya mkondo wa ugavi wa kazi unaopinda nyuma, yaani dai kwamba Mwafrika akiongezewa ujira hupunguza siku za kazi kwa kuwa amekwisha pata alichokuwa akitafuta. Elliot Berg alilichambua dai hilo mwaka 1961 kwa uangalifu kuliko wengi. Mfano wa Korogwe unatia shaka nyingine. Mtu anayeacha kazi masika yanapoanza, baada ya kupata fedha za kodi na nguo, anafanana kwenye daftari na mtu aliyetosheka. Lakini chanzo cha kuondoka kwake ni mvua. Takwimu za mwezi zilizojumlishwa kuwa za mwaka huwachanganya watu hawa wawili, na sera nzima ya ujira imewahi kujengwa juu ya mchanganyiko huo. Kwa wenyeji wa Uzigua na Usambara ilikuwa dhuluma kuitwa wavivu na ofisi zilizokuwa zikihesabu siku zao bila kuhesabu mashamba yao.

Kipande kilifanya jambo lingine ambalo nadharia ya taasisi hulitilia maanani: kiligawa hatari. Siku isiyofanyiwa kazi haikulipwa, kwa hiyo gharama ya homa na msiba ilimwangukia kibarua. Nyumba, posho na mashine iliyosimama vilimwangukia mwajiri. Chama cha wafanyakazi wa mashamba ya mkonge kilipopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya migomo kama ule wa Mazinde wa mwaka 1958, ugomvi ulihusu mgao huo pamoja na kiwango cha ujira. Ujira ulipopanda baada ya uhuru, mashamba yalipunguza watu na kuongeza kazi iliyopimwa, na uandikishaji wa mbali ukaisha.

Hans Binswanger na Mark Rosenzweig, katika makala yao ya mwaka 1986, waliweka hoja inayosomwa sana: shamba kubwa lenye vibarua hushinda mkulima mdogo pale ambapo zao linataka kuchakatwa mara tu linapovunwa na kiwanda kinahitaji kulishwa bila kukatika. Mkonge ni mfano kamili. Lakini hoja hiyo ni nusu sahihi. Jani linalokauka linadai ratiba. Halidai mwenye ratiba awe pia mwenye ardhi. Jambo hilo limejaribiwa Korogwe kwenyewe. Mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 yalidorora chini ya shirika la umma, bei zikiwa zimeangushwa na kamba za plastiki. Baada ya ubinafsishaji, kampuni ya Katani iligawa vitalu vya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi kwa wakulima wadogo, huku kiwanda kikibaki mikononi mwake. Baadaye vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, vilichukua nafasi kubwa zaidi.

Mpango huo umeonyesha kwamba mkulima mdogo anaweza kulisha korona. Umeonyesha pia mahali hatari ilipohamia. Zamani kikwazo kilikuwa mkataji asiyefika. Sasa ni foleni. Wakulima wengi wakitaka fedha wakati mmoja, kwa mfano shule zinapofunguliwa, wote hukata pamoja, na jani la aliye nyuma hukaukia kitaluni. Utoro wa pamoja umekuwa ufikaji wa pamoja, na kanuni ya hesabu ni ileile. Zamu ya kukata inayopangwa kwa mzunguko na kuheshimiwa ina thamani kuliko nyongeza ndogo ya bei, na anayeipanga zamu hiyo ndiye mwenye mamlaka ya kweli, awe mwenye kiwanda au kamati ya ushirika.

Mimea nayo ina hatari ya pamoja. Watafiti wa Amani na Mlingano walizalisha chotara namba 11648, ambalo hutoa majani zaidi ya 600 katika maisha yake, karibu mara tatu ya mkonge wa kawaida. Lilienea haraka kwa nakala. Ndipo ukaja ugonjwa wa madoa ya majani unaobeba jina la Korogwe katika vitabu vya magonjwa ya mimea, ambao kwa muda mrefu umedhaniwa kuwa wa virusi. Chotara huugua sana, mkonge wa kawaida kwa nadra, na madoa hushusha daraja la singa. Kitalu chenye mimea ya urithi mmoja hakina mmoja anayefidia udhaifu wa mwingine. Kuchanganya aina hupunguza wastani wa mavuno na hupunguza pia mtawanyiko wake. Kwa mkulima mwenye hekta chache na mkopo, hesabu hiyo inaweza kuipendelea aina yenye mavuno madogo.

Zinabaki zile tani 24 za mabaki kwa kila tani ya singa. Kwa miongo mingi zilimwagwa pamoja na maji ya korona, yakachafua vijito. Huko Hale, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza mabaki kuwa biogesi ya kufua umeme. Vijidudu vinavyozalisha gesi hiyo vinataka mabaki mabichi kwa kiasi kinacholingana kila siku. Korona ikisimama siku kadhaa gesi hupungua, na kuirudisha huchukua muda. Kwa hiyo hata umeme wa mtambo kama huo hutegemea idadi ya mizigo inayopangwa kando ya njia asubuhi, na makadirio ya faida yake yanapaswa kufanywa kwa takwimu za kila siku za majani yanayoingia kiwandani, si kwa jumla ya mwaka.