Daktari Aliyerudi Akakuta Msitu

Tumekuwa na Nehemia na kuta zake, na wengine mmeniandikia mkiuliza: mtu huanzaje tena kitu kilichokwisha kubomoka? Leo nawapa historia kidogo.

Albert Schweitzer alizaliwa 1875 huko Alsace, wakati huo ikiwa chini ya Ujerumani. Akiwa na miaka 30 alikuwa mhubiri, mwalimu wa theolojia na mpiga kinanda mwenye jina, lakini akaingia darasani upya kusomea udaktari. Mwaka 1913 yeye na mkewe Helene, aliyekuwa amesomea uuguzi, wakafika Lambaréné, Gabon, kando ya mto Ogooué. Chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa kibanda cha kuku!

Misheni ya Paris iliyompa mahali haikuamini theolojia yake. Ilimkubali atibu, asihubiri. (Hata mimi ningebishana naye mengi. Tena aliwatazama Waafrika kama wadogo zake, jambo ambalo wengi wamemlaumu, na kwa haki.)

Vita vya 1914 vikaharibu kila kitu. Walikuwa raia wa Ujerumani ndani ya koloni la Ufaransa. Mwaka 1917 wakasafirishwa hadi Ufaransa na kuwekwa kizuizini. Walipoachiliwa 1918 alikuwa mgonjwa, na madeni ya hospitali yalikuwa yanamsubiri. Aliyalipa kwa kupiga kinanda makanisani, kutoa mihadhara na kuandika kitabu.

Aliporudi, 19 Aprili 1924, ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Helene alibaki Ulaya, afya yake haikuruhusu, pamoja na binti yao wa miaka 5. Wapendwa, tusipite hapo haraka. Tunaposifu watumishi, mara nyingi tunamsahau aliyebaki nyumbani.

Alikuta nyasi na vichaka. Jengo la mabati lilikuwa bado limesimama, lakini makuti ya paa yalikuwa yameoza. Na wagonjwa hawakungoja ukarabati uishe. Basi asubuhi alikuwa daktari, mchana fundi. Alizunguka vijijini kutafuta makuti, akibembeleza watu wamshonee. Waliowasindikiza wagonjwa aliwaomba wafanye kazi huku wakingoja, maana walikula chakula cha hospitali. Wengine walifanya, wengine walitoroka kazini. Anayeendesha huduma yoyote ya kujitolea anaijua hadithi hiyo.

Baadaye wakaja muuguzi na daktari wa pili kutoka Ulaya, ikaonekana mambo yametulia. Kisha 1925 ikaingia njaa, na pamoja nayo ugonjwa wa kuhara damu. Hapakuwa na nafasi ya kuwatenga wagonjwa, na maji yalichafuliwa. Hapo ndipo alipoona kwamba miezi yote ya kuziba paa ilikuwa imeokoa mahali padogo mno. Akaamua kuhama, kama kilomita 3 juu ya mto. Hakurudi Ulaya kama alivyopanga. Alifyeka msitu na kupanda mashamba ya chakula kwanza, ili njaa isiwakute tena mikono mitupu, huku akisimamisha nyumba za mabati juu ya nguzo za mbao ngumu.

Tarehe 21 Januari 1927 wagonjwa wa kwanza wakavushwa. Usiku huo walilala pakavu.