Jina na Ukweli katika Tawasifu: Mfano wa Utoto Kandokando ya Mto Chania

Makala haya yanachunguza suala ambalo aghalabu hupuuzwa katika mafunzo ya uandishi wa tawasifu, nalo ni uhusiano wa jina na ukweli. Mwanafunzi anayeanza kuandika maisha yake hudhani kuwa kazi yake ni kukumbuka. Tawasifu mbili, moja ya Thika na nyingine ya Murang'a jirani yake, zinadhihirisha kwamba kumbukumbu ni malighafi tu. Sanaa huanza pale mwandishi anapoamua nani atajwe na nani afichwe.

Elspeth Huxley alizaliwa London mwaka 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walitangulia kuja Kenya mwaka 1912 kuanzisha shamba la kahawa huko Thika, katika nchi ya mto Chania, naye akawafuata mwaka 1913. Kitabu chake, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka 1959, zaidi ya miaka 40 baadaye. Humo wazazi wanaitwa Robin na Tilly, majirani wana majina ya kubuni, na safari ya kwanza kwa gari la kukokotwa na maksai inasimuliwa kana kwamba mtoto alikuwa pamoja na mama yake. Mazungumzo nayo ni marefu mno kuweza kuhifadhiwa neno kwa neno na mtoto wa miaka 6.

Je, huu ni uongo? Jibu si jepesi. Msimulizi mtoto husikia yasemwayo na wakubwa bila kuyaelewa, na msomaji huelewa kile ambacho mtoto hakukielewa. Hapo ndipo penye utamu wa kitabu. Hata hivyo, jicho hilo lina gharama yake. Mtoto haulizi shamba lilipatikanaje, wala hajui kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi. Kitabu kilichapishwa wakati Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Wala hatuwezi kusema mwandishi hakujua, kwani katika riwaya yake ya Red Strangers ya mwaka 1939 alijaribu kusimulia ujio wa Wazungu kwa mtazamo wa Wagikuyu. Kwa hiyo, ukimya wa mtoto ni uamuzi wa mtu mzima.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1969, Charity Waciuma alichapisha Daughter of Mumbi, kumbukumbu za msichana aliyekulia Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall enzi za ukoloni. Yeye anaanza na utaratibu wa Wagikuyu wa kuwapa watoto majina ya jamaa zao. Hapa jina si barakoa, bali ni deni: anayelibeba amekwisha kuunganishwa na waliomtangulia, na "mimi" wa tawasifu anakuwa sehemu ya "sisi". Yeye pia anatumia macho ya utotoni, lakini Hali ya Hatari inaingia ndani ya usimulizi wenyewe, na kwa sababu hiyo utoto wake hauwezi kuwa kinga dhidi ya historia.

Hatusemi kwamba kubadili jina ni kosa. Huenda mwandishi akalazimika kumsitiri mtu aliye hai. Tunalosisitiza ni kwamba uamuzi huo sharti ufanywe kwa kujua na, inapowezekana, msomaji ajulishwe. Huxley mwenyewe alirudi kwenye suala hili mwaka 1980 alipochapisha barua za mama yake katika Nellie: Letters from Africa, Tilly akarejeshewa jina lake. Vibarua na maskwota wa mashamba yale, ambao nao walikuwa na majina waliyorithi kwa jamaa zao, bado wanangoja kusimuliwa na wajukuu wao. Mwanafunzi wa Thika anayetaka kuandika maisha yake anaweza kuanzia hapo: awaulize wazee wake yeye amepewa jina la nani, na huyo alifanya kazi katika shamba la nani.